Pofu, mnyama wa kuondoka

Wazee wangu, ndugu zangu, na ninyi vijana mliojaa huku nyuma: shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na habari za jioni kwa wote.

Niliambiwa nichague mnyama mmoja tu nimzungumzie, nikamchagua pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe. Najua wako waliotarajia simba au tembo, na sioni ajabu. Magari yanayoingia hifadhini humpita pofu kila siku, dereva akinyoosha kidole tu na kutaja jina. Sababu si kwamba pofu hana cha kutazama. Sababu ni kwamba hakai atazamwe. Twiga atakukodolea macho akiendelea kutafuna. Nyumbu atakoroma, atasogea hatua chache, atainama tena kula. Pofu akiliona gari lako likiwa bado mita mia tatu, ameshakugeuzia mgongo, na kundi zima linafuata. Katika wanyama wakubwa wa nyikani sijui mwingine mwenye mwili mkubwa hivyo na woga mwingi hivyo.

Nawaomba mshike jambo hilo, maana karibu kila nitakachosema jioni hii kinarudi palepale. Pofu ni mnyama wa kuondoka. Anaondoka akimwona mtu, anaondoka majani yakikauka, anaondoka mvua ikinyesha upande mwingine. Namna alivyoumbwa, anavyokula, anavyolea na hata anavyogombana, vyote utavielewa vizuri ukimchukulia kuwa kiumbe asiye na kwao mahali pamoja. Na hapo ndipo shida yake ya leo ilipo.

Tuanze na mwili. Katika jamii yote ya swala wa Afrika, huyu ndiye jitu. Fahali mkomavu ana kilo 400 hadi zaidi ya 900, na begani anafika mita moja na nusu au zaidi. Jike ni mdogo kiasi, kilo 300 hadi 600. Ukimtazama haraka utasema ni ng'ombe: ana nundu, ana ngozi inayoning'inia kooni, ana mkia mrefu wenye kishungi mwishoni. Lakini tazama pembe. Zimejisokota, na msokoto huo unakuonyesha ukoo wake, ukoo wa tandala, pongo, nzohe na bongo. Katika ukoo huo majike kwa kawaida hawana pembe. Walio nazo ni wa bongo na wa pofu. Za fahali ni nene na fupi, zimejisokota kwa kubana, ni za kusukumana. Za jike ni nyembamba, mara nyingi ndefu kuliko za fahali, na zimechongoka. Jike ana sababu ya kuwa na silaha ya kuchoma, nitaifikia.

Ana ndugu yake pia, pofu mkubwa wa Afrika Magharibi na Kati. Kimwili wanakaribiana, ila pembe za huyo ni kubwa zaidi. Yeye yuko pabaya: huko Senegal, katika hifadhi ya Niokolo-Koba, wamebaki wasiofika 200. Pofu wetu wa kawaida bado hajaingizwa kwenye orodha ya wanyama walio hatarini kutoweka. Ameenea kutoka Sudan Kusini na Ethiopia, akapitia Kenya, Uganda na Tanzania, mpaka Afrika Kusini. Anakaa nyikani, kwenye miombo, kwenye vichaka vya migunga. Hata kwenye uwanda wa Shira, juu kule Kilimanjaro, ameonekana. Asipopapenda ni msitu mzito, kinamasi na jangwa tupu.

Kwa mbio hajajaliwa. Akikazana anafika kilomita 40 hivi kwa saa, na kwa swala huo ni mwendo wa chini kabisa. Lakini akishika ule mwendo wake wa kuchapuka, kilomita 20 na kidogo kwa saa, ataendelea nao kwa muda mrefu mpaka anayemfuata achoke. Halafu anaruka. Mnyama wa nusu tani anakuja mbele ya uzio wa mita mbili, anasimama, anajikunja, anapita juu. Wenye ranchi wanajua habari hizo.

Sasa niruhusuni nikae kidogo kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote. Magoti.

Ukibahatika kuwa karibu na pofu dume anayetembea, mahali pa utulivu, utasikia kitu kinaalika. Ni sauti kavu, fupi, inakuja na kila hatua ya miguu ya mbele. Usiku usio na upepo inasikika mamia ya mita. Kwa muda mrefu watu waliisikia na kubishana juu yake. Wengine walisema ni kwato zinazofunguka na kufunga, wengine wakasema ni mifupa. Mwaka 2008 watafiti wawili, Jakob Bro-Jørgensen na Torben Dabelsteen, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Kenya kwa pofu wa porini. Walionyesha kwamba sauti inatoka gotini, na maelezo waliyoyaona yanafaa ni kwamba kuna kano inayoteleza juu ya mfupa na kurudi kwa ghafla, ikalia. Kano ndefu na nene hutoa sauti nzito. Kano fupi hutoa sauti nyepesi. Maana yake ni kwamba fahali mkubwa hawezi kusikika mdogo, na mdogo hawezi kujifanya mkubwa. Goti halidanganyi.

Na si goti peke yake. Walipima pia ile ngozi ya kooni wakakuta inaendelea kukua kadiri fahali anavyozeeka, kwa hiyo inatangaza umri. Walitazama uso: ule weusi wa usoni na lile shungi la manyoya kwenye paji la uso. Hivyo viliendana na ukali wa fahali kwa wakati ule, ambao hutokana na homoni za kiume na hubadilika. Basi fahali mmoja anabeba habari tatu tofauti: ukubwa wake kwenye goti, umri wake kooni, hasira yake usoni. Fahali mwingine anayekuja kwa mbali anazisoma zote tatu kabla hawajakutana.

Kwa nini ahangaike hivyo? Kwa sababu pofu dume hana eneo la kulinda. Palahala dume anashika ardhi yake na kumfukuza anayeingia, kongoni vilevile. Pofu hana ardhi, ana cheo. Fahali wanapokutana kwenye kundi la majike lililopita leo na kesho halipo, lazima ijulikane upesi nani amzidi nani. Wakigombana kila mara, watu wa kilo 800 kwa pembe zile, wataumizana sana. Goti likishasema, mdogo anasogea pembeni, na hakuna aliyevunjika shingo. Ninaliona jambo hili kuwa miongoni mwa maajabu makubwa ya nyika yetu, na nasikitika kwamba linapita kimya hivyo.

Lile shungi la usoni lina mambo yake pia. Fahali hulisugua kwenye mkojo na matope mpaka linanuka vibaya mno. Wakiwa wazee, manyoya ya shingo na mabega hupungua, ngozi ya kijivu ikaonekana chini, ndiyo maana fahali mzee kwa mbali anaonekana wa rangi ya samawati iliyofifia. Vijana na majike ni wa hudhurungi, na wa huku kwetu Afrika Mashariki wana mistari myembamba myeupe ubavuni. Huko kusini kabisa mistari hiyo karibu haionekani kwa wakubwa.

Niingie kwenye joto na maji. Miaka ya 1960, hapo Kenya, watafiti Richard Taylor na Charles Lyman walimweka pofu na ng'ombe wa kizungu kwenye vyumba ambavyo joto lake liliweza kupandishwa na kushushwa, wakapima kila mmoja anafanyaje. Ng'ombe alikimbilia kutoa jasho. Pofu alikawia. Aliuacha mwili wake uchemke kwanza: alfajiri aliweza kuwa na nyuzi 34 hivi, na mchana akafika 41. Usiku unapopoa, joto lile linatoka lenyewe bila kutumia maji. Kwa mnyama wa kilo 500, kuachia mwili upande nyuzi saba ni kuokoa zaidi ya lita tano za maji kwa siku, ambazo vinginevyo zingetoka kama jasho.

Lakini nisiwape nusu ya habari. Baadaye watafiti wengine waliweka vipimo ndani ya miili ya pofu wanaotembea huru porini, na hawakuona joto likipanda na kushuka kwa kiasi kile. Vyote viwili vina maana kwangu. Chumbani pofu hakuwa na njia nyingine. Porini anayo: anaingia kivulini, analala mchana, anakula alfajiri, jioni na usiku. Kwa maneno mengine, akiachwa achague mahali pa kuwa, hahitaji kuutesa mwili wake. Ukimfungia ndipo anaanza kutumia akiba.

Maji yenyewe anayapata wapi? Mengi anayala. Zaidi ya nusu ya uzito wa majani ya mgunga ni maji, hata kiangazi, na pofu ni mlaji wa majani ya miti na vichaka kuliko nyasi. Mdomo wake mwembamba unachagua majani katikati ya miiba. Tawi likiwa juu, fahali analinasa katikati ya pembe zake, anakizungusha kichwa, linavunjika, anakula yeye na wengine walio karibu. Mvua zikishika anainamia nyasi changa, maana wakati huo zina nguvu. Zikikomaa anaziacha. Maji ya kunywa akiyakuta anakunywa vizuri tu, ila anaweza kukaa mbali na mto siku ambazo ng'ombe angekuwa ameshaanguka.

Sasa majike na ndama, na hapa nitachukua muda wangu.

Pofu jike hubeba mimba miezi tisa na kuzaa ndama mmoja mwenye kilo 23 hadi 31. Wiki mbili za mwanzo, au karibu na hapo, ndama hujificha. Analala majanini hatikisiki, mama anakuja kumnyonyesha na kuondoka. Hilo wanalifanya swala wengi. Lisilo la kawaida ni kinachofuata. Ndama akitoka mafichoni anaingia kwenye kundi la ndama wenzake, na kuanzia hapo anakuwa mtu wao. Wanalambana, wanalala wamegusana, wanatembea pamoja. Mama anamjia anyonye, lakini ndama hashindi ubavuni mwa mama. Anashinda na rika lake. Majike wenye ndama wanavutwa palepale walipo ndama, na ndiyo maana wakati wa mvua utaona makundi makubwa ya pofu, mamia kwa pamoja, yenye ndama wengi. Kiangazi kikirudi yanasambaratika. Ukiwatazama wakubwa, huoni urafiki wa kudumu kati yao: leo yuko na hawa, wiki ijayo yuko na wale. Nadhani, na haya ni maoni yangu, kwamba ndama ndio gundi ya kundi lote.

Na hapo ndipo zile pembe ndefu za jike zinapofanya kazi. Swala wengi wakiona fisi, kila mmoja anaokoa roho yake. Pofu majike wenye ndama hujipanga na kumwendea adui kwa pamoja. Duma na fisi wanafukuzwa, na imeshuhudiwa hata simba akirudishwa nyuma. Mnyama huyuhuyu niliyesema anakimbia gari mita mia tatu! Si mwoga basi, anajua tu wakati wa kuondoka na wakati wa kubaki, na ndama ndio wanaomfanya abaki.

Nimeona watu wengi wakidhani fahali ndiye msafiri na jike ndiye wa kukaa. Kwa pofu ni kinyume. Mtafiti Chris Hillman aliwafuatilia pofu wa nyanda za Athi-Kapiti, kusini mwa Nairobi, akatoa matokeo yake mwaka 1988. Fahali mmoja alitumia eneo la kilomita za mraba 41 hivi kwa wastani. Majike na watoto wao walitumia kati ya 174 na 422. Fahali anapata kichaka kinachomtosha anatulia, anasubiri majike wapite. Jike anayenyonyesha hawezi kusubiri. Maziwa yanataka majani mabichi, na majani mabichi yako pale mvua iliponyesha, leo huku, mwezi ujao kule.

Linganisheni hesabu hiyo na hii: Hifadhi ya Taifa ya Nairobi nzima ina kilomita za mraba 117. Jike mmoja tu, yule wa safari fupi kuliko wote, anahitaji zaidi ya hifadhi nzima.

Kuhusu magonjwa nitasema machache. Sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe, ilipoingia Afrika mwishoni mwa karne ya 19 iliwapiga ng'ombe na iliwapiga pofu na nyati pamoja nao, kutoka pembe ya Afrika mpaka kusini kabisa. Huko Tsavo, Kenya, ililipuka tena katikati ya miaka ya 1990, ikaua nyati na tandala wadogo. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka imekwisha, na sisi wa nchi za mifugo tulipaswa kulisherehekea jambo hilo zaidi ya tulivyofanya. Kwa upande wa mbung'o pofu ana bahati: anaishi na vijidudu vya nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, bila kudhoofika kama ng'ombe wa kisasa.

Udugu wa pofu na ng'ombe watu waliuona zamani. Wamaasai kwa desturi wanajiepusha na nyama ya porini, lakini pofu na nyati waliwahesabu upande wa ng'ombe. Kwenye miamba ya Kondoa pofu amechorwa, na huko Drakensberg, Afrika Kusini, Wasan walimchora kwa bidii na heshima kuliko mnyama mwingine yeyote.

Ndipo yakaja mawazo ya kumfuga. Kwenye hifadhi ya Askania-Nova, huko Ukraine, pofu wamekaa tangu mwishoni mwa karne ya 19, na wamekamuliwa kweli. Maziwa yao yana mafuta mengi kuliko ya ng'ombe. Kwetu hapa ranchi ya Galana, Kenya, ilijaribu miaka ya 1970, pofu wakachungwa mchana na kurudishwa bomani usiku pamoja na choroa. Walifugika. Ni wapole wakizoea, wanafuata mchungaji. Lakini ufugaji huo haukuenea, na mimi naona sababu iko wazi kwa yeyote aliyenifuata mpaka hapa. Faida yote ya pofu, kule kukaa bila maji, kule kunenepa pale ng'ombe anapokonda, inatokana na kutembea na kuchagua. Ukimrundika mahali pamoja, anamaliza vichaka, na faida inakwisha pamoja navyo.

Nimalizie na ardhi.

Kiangazi, wanyama wa Tarangire hukusanyika kando ya mto. Mvua zikianza wanatoka, wengi wakielekea nyanda za Simanjiro, ambako nyasi zake zina madini wanayoyahitaji majike wanaonyonyesha. Pofu wamo kwenye msafara huo. Simanjiro si hifadhi ya taifa, ni ardhi ya vijiji. Kijiji cha Terrat, tangu miaka ya 2000, kiliingia makubaliano na kampuni za utalii: sehemu ya malisho isilimwe, mifugo iendelee kulishwa humo, wanyama wapite, na kijiji kilipwe kila mwaka. Hakuna mfugaji aliyehamishwa. Kitengela, kusini mwa hifadhi ya Nairobi, kulikuwa na mpango unaofanana ulioanza mwaka 2000, mwenye shamba akilipwa kwa ekari ili asizungushie uzio. Lakini Kitengela mji ulikuja kwa kasi kuliko fedha za mpango, na nyumbu waliokuwa wakipita pale kwa maelfu wamebaki wachache mno. Hizo ni hadithi mbili za jambo moja, na tofauti yake kubwa ni bei ya ardhi.

Mtu aliniuliza: kama pofu anaruka mita mbili, uzio unamdhuru nini? Swali zuri, na jibu lake liko kwa ndama. Mama anaruka. Ndama wa mwezi mmoja haruki. Mama akiruka anamwacha upande wa pili, na kama nilivyowaeleza, ndama wako pamoja, kwa hiyo hawabaki wawili watatu, wanabaki wengi. Majike nao wanarudi kwa sababu ya ndama. Kundi zima linakwama kwenye uzio ambao kila mkubwa ndani yake angeweza kuuvuka.

Kwa hiyo wale wenye mashamba kwenye shoroba, yaani mapito ya wanyama, na najua mpo humu, ombi langu kwenu ni dogo. Siombi mng'oe seng'enge zote. Acheni mapengo kwenye njia ambazo wanyama wanapita tayari, na palipo lazima pawe na uzio, ondoeni nyuzi za chini wakati wa mvua, miezi ile ndama wanapokuwa wengi, ili mtoto apite chini wakati mama anapita juu. Wataalamu wa wanyamapori wa wilaya watawaonyesha njia hizo zilipo. Nendeni nao shambani, mzitazame nyayo pamoja kabla ya kuchimba nguzo za msimu ujao.

Nimesema mengi. Asanteni kwa kunisikiliza, na sasa naomba maswali, tuanzie na vijana wa huko nyuma.